Mjenzi na Mkaaji

Nyumba ni vazi la pili la mwanadamu. Vazi la kwanza hufunika mwili wa mtu mmoja, na likimchosha hulivua akavaa jingine. Vazi la pili hufunika jamaa nzima, usiku na mchana, wala halivuliki kwa wepesi. Nguo mbaya humsumbua aliyeivaa kwa siku moja. Nyumba mbaya huweza kuwasumbua baba, mwana na mjukuu, na kila mmoja wao akadhani kuwa taabu ile ndiyo desturi ya dunia. Kwa sababu hii kazi ya kujenga haistahili kuachwa mikononi mwa mafundi na wenye fedha peke yao. Ni jambo la kufikiriwa na kila mtu mwenye akili, na kijana aliye shuleni ni mmoja wao.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii hutumiwa zaidi juu ya watu kuliko juu ya nyumba, ili tusidanganywe na sura ya mtu kabla ya kuijua tabia yake. Lakini leo yafaa tuichukue kwa maana yake ya kwanza. Tukitembea katika mji wa Kisumu na katika vijiji vya ufuko wa Ziwa Victoria, twaona nyumba nyingi zenye milango ya kupendeza na madirisha ya vioo. Aingiaye ndani saa nane ya mchana hutoka upesi akitafuta mti wa kukaa chini yake. Nyumba iliyoshindwa na mti imekosa nini? Na kosa hilo ni la nani: la mjenzi, la mkaaji, au la mbingu? Haya ndiyo maswali ya insha hii.

Haiwezekani kulihukumu vazi bila ya kuijua hali ya hewa linayoikabili. Kisumu iko karibu sana na mstari wa Ikweta, kidogo upande wa kusini, nayo iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,130. Mchana joto hupanda mpaka karibu na digrii 29 au 30, na usiku hushuka mpaka digrii 17 au 18. Asubuhi jua huwaka vizuri. Kadiri mchana unavyoendelea, nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu ya nchi hupanda, na hewa ya ziwa, ambayo ni baridi zaidi, huja kushika mahali pake. Huo ndio upepo wa ziwa. Hewa hiyo huchukua unyevu na kupanda nao kuelekea milima ya Nandi na Kericho. Alasiri mawingu hukusanyika, mazito na meusi, na ngurumo zikaanza. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa upesi kuliko maji, na upepo hutoka bara kwenda ziwani. Kwa mwaka mzima mvua hufikia kiasi cha milimita 1,300, ikizidi kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Oktoba na Desemba.

Basi mkaaji wa Kisumu huishi chini ya mbingu mbili kwa siku moja, ya jua kali na ya wingu zito. Nyumba iliyopangwa kwa ajili ya nchi ya baridi, ambako watu hulitafuta jua na kulifungia ndani, haimfai. Wala haimfai nyumba ya jangwani, ambako anga ya usiku huwa wazi na joto la mchana hupata njia ya kutoroka. Wingu la usiku ni kama blanketi; huizuia ardhi isiutupe moto wake juu upesi. Kwa hiyo nyumba iliyojaa joto mchana haiwezi kuitumainia mbingu iipoze. Lazima ikingwe na joto tangu mwanzo, na joto litakaloingia lipate upepo wa kulitoa.

Wazee wa Kijaluo waliijua mbingu hii bila ya kuipima kwa vyombo. Nyumba yao ya duara ilikuwa na kuta za fito na udongo, na paa la nyasi lililoinamia chini hata likautia kivuli ukuta wote. Nyasi nyingi zilizofungwa pamoja hushika hewa katikati yao, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Ndiyo sababu ya ubaridi uliokuwamo ndani hata jua lilipokuwa utosini. Mfano wa boma la namna hiyo umejengwa katika Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, na mwanafunzi yeyote aweza kuingia humo akapata fundisho kwa ngozi yake mwenyewe. Tena, kuanzisha boma, yaani dala, hakukuwa shauri la mtu mmoja. Mwanamume alikwenda pamoja na mkewe na mwanawe wa kwanza, wakachukua jogoo, shoka na moto, na ndugu walikuwa mashahidi. Desturi hiyo ina hekima ndani yake: mwenye kujenga anagusa maisha ya wengine, basi na wengine wawepo.

Walakini haifai kuwasifu wazee kwa uongo. Paa la nyasi huoza na kutaka kuezekwa upya. Huficha panya na wadudu, na cheche moja yatosha kuliteketeza. Moshi wa mafiga ulijaa ndani na kuyaumiza macho na mapafu ya akina mama. Uwazi uliokuwa kati ya ukuta na paa uliingiza hewa, lakini uliingiza na mbu pia, katika nchi ambayo malaria imeua watoto wengi. Isitoshe, mashamba yamegawanywa mara nyingi, na nyasi nzuri za kuezekea zimekuwa adimu. Kwa hiyo yule aliyeacha nyasi akaezeka mabati hakuwa mpumbavu, wala hakuwa msaliti wa mila. Alikuwa na sababu zake.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati mji ulipoitwa Port Florence, na vitu vya viwandani vikapata njia nyepesi ya kuja. Bati lina sifa ambayo nyasi haina: hutoa maji safi. Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Paa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 lina mita za mraba 48. Kwa mvua ya milimita 1,300 paa hilo hupokea lita 62,400 kwa mwaka. Hata tukitoa sehemu ya tano kwa maji yanayomwagika na kukauka, hubaki karibu lita 50,000, yaani zaidi ya mitungi sita ya lita ishirini kwa kila siku ya mwaka. Mama anayeteka maji mbali, na binti anayechelewa shuleni kwa sababu ya mtungi, wanajua thamani ya hesabu hiyo. Lakini ni nyumba ngapi zenye mifereji na tangi la kuyapokea? Watu wengi huyaacha maji ya mbinguni yachimbe mashimo kando ya msingi wao, kisha wakanunua maji ya mkokoteni.

Aibu ya bati ni mbili, joto na kelele. Mwalimu yeyote wa sehemu hizi ajua kuwa mvua kubwa ya alasiri inapopiga paa tupu la darasa, somo hufa. Hasikiki hata akipaza sauti, naye huandika ubaoni au hungoja. Kosa hapo si la bati. Kosa ni kulipa bati kazi mbili, ya kuzuia mvua na ya kuzuia joto, ilhali linaweza moja tu. Huko Burkina Faso, katika kijiji cha Gando, Francis Kéré alijengea watoto wa kijiji chake shule iliyokamilika mwaka 2001. Kuta zake ni za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa, na dari yake ni ya matofali hayo hayo. Juu ya dari aliliinua paa la bati, akaacha nafasi kubwa katikati ili upepo upite na kulichukua joto. Bati lake ni bati lile lile tulijualo. Tofauti ni fikira iliyowekwa chini yake. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kubwa ya wasanifu wa majengo duniani, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Kenya nako, kando ya Ziwa Turkana, yako majengo yake ya kuwafundishia vijana, yaliyokamilika mwaka 2021, yenye minara ya kutolea hewa ya moto kwa mfano wa vichuguu vya mchwa.

Sasa tuulize: mbingu ya Kisumu yataka nini kwa mjenzi? Yataka kwanza kivuli na upepo, na hapa pana fumbo. Karibu na Ikweta jua hupita juu ya utosi mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba; Juni huegemea kaskazini, na Desemba huegemea kusini. Kuta zinazotazama kaskazini na kusini hupigwa na jua lililo juu, na upenu wa kadiri ya mita moja hutosha kuzikinga. Kuta za mashariki na magharibi hupigwa na jua la chini, ambalo hupita chini ya upenu na kuingia mpaka kitandani. Kwa hiyo kanuni yasema, nyumba ilale kwa urefu wake kutoka mashariki kwenda magharibi, na madirisha yake makubwa yawe kaskazini na kusini. Lakini ziwa liko magharibi na kusini-magharibi ya mji. Upepo mwema wa alasiri hutoka upande ule ule wa jua baya la alasiri. Mwenye kuuziba ukuta wa magharibi kwa sababu ya jua amejinyima upepo. Mwenye kuufungua kwa sababu ya upepo amejiletea jua. Hakuna ramani ya kununua itakayomwamulia. Yampasa asimame juu ya kiwanja chake alasiri, asikie upepo unatoka wapi, kisha apande upande ule mti mrefu wenye kivuli na kuyapogoa matawi yake ya chini, au ajenge baraza pana, au aweke matofali yenye matundu ambayo hupitisha hewa na kulivunja jua. Mti huo hauna bei kubwa. Bei yake ni subira.

Yataka pili mwanga. Wingu lina fadhila moja ambayo watu hawaijali: huutawanya mwanga wa jua, ukaja kutoka kila pembe ya mbingu. Siku ya mawingu dirisha lolote, hata lisilotazama jua, huweza kuleta mwanga mpole usiochoma. Mafundi wanasema kuwa mwanga wa kufaa huingia chumbani kwa kadiri ya mara mbili ya kimo cha juu ya dirisha kutoka sakafuni, basi dirisha lililo juu huangaza mbali kuliko lililo chini. Lakini katika safu za vyumba vya kupangisha twaona dirisha moja dogo, nalo hutazamana na ukuta wa jirani. Mtoto hufanya hesabu zake kwa taa saa tano ya asubuhi. Umeme unateketea, na jua liko nje.

Yataka tatu dari. Mafunjo humea kwa wingi katika vinamasi vya ziwa, na watu wa Dunga na kwingineko huyasuka mikeka. Mkeka wa mafunjo uliotandazwa chini ya bati hupunguza joto na kelele, na kazi yake haiishi hapo. Katika eneo la mashamba ya mpunga magharibi mwa Kenya watafiti walijaribu kuzifunga nyumba kwa dari za mafunjo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa mbu wa malaria waliopatikana ndani walipungua sana. Wavu ukiwekwa madirishani, nyumba hupata hewa pasipo kupata mbu. Mafunjo yakikatwa kwa kiasi humea tena upesi. Hiki ni kifaa ambacho Mungu amekiweka mlangoni mwetu, nasi twakipita tukienda dukani.

Tumesema juu ya paa na dirisha. Imebaki kuuliza kuta zimetoka wapi, maana nyumba huanza kabla ya msingi wake. Matofali ya kuchoma huchomwa kwa kuni. Kila tanuri humeza magogo mengi, na magogo hayo yalikuwa miti ya kilima fulani. Kilima kilichovuliwa miti hakiishiki mvua. Maji hushuka kwa nguvu, hubeba udongo, na mto Nyando huufikisha udongo huo katika Ghuba ya Winam, ambako maji huwa mekundu. Mto Sondu, utokao nyanda za juu za Mau, huendesha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu yenye uwezo wa megawati 60, iliyokamilika mwaka 2008. Mitambo hiyo huutegemea mto, na mto huutegemea msitu. Basi mtu anaweza kukata mti kwa ajili ya tofali leo, na kesho akalalamika kuwa taa imefifia, asijue kuwa mambo hayo mawili ni ndugu. Saruji nayo si bure. Ili ipatikane, mawe ya chokaa huchomwa kwa joto la karibu digrii 1,450, na kazi hiyo peke yake hutoa kadiri ya asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa itolewayo na wanadamu ulimwenguni.

Njia nyingine ipo. Udongo mwekundu wenye changarawe, ukichanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa katika mashine ya mkono, hutoa tofali gumu lisilohitaji moto. Mashine ya namna hiyo ilibuniwa Colombia katika miaka ya 1950, na leo matofali hayo hutengenezwa Kenya na Uganda, mengine yenye meno ya kushikana hata chokaa ya kujengea ikapungua. Lakini si kila udongo hufaa. Udongo mweusi wa tambarare za Kano huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Hauwezi kuwa tofali jema, na hata msingi uliowekwa juu yake bila ya uangalifu hupasua ukuta. Mjenzi mwema huuliza udongo kabla ya kuuliza bei.

Sasa tumefika penye kiini cha jambo. Mtu aweza kusema: hizi ni habari za mafundi, wema na ubaya waingiaje hapa? Huingia kwa sababu mjenzi na mkaaji aghalabu si mtu mmoja. Mtu akijijengea nyumba mbaya akakaa ndani yake, amejidhulumu mwenyewe, nasi twaweza kumwachia adhabu yake. Lakini katika mitaa ya Nyalenda, Manyatta na Obunga maelfu ya watu hukaa katika vyumba ambavyo hawakuvichora, hawakuvichagulia dirisha, wala hawana ruhusa ya kuvitoboa. Mwenye nyumba aliokoa fedha kidogo kwa kuacha dari. Mpangaji hulipa joto kila mchana, na mtoto wake hulipa usingizi kila usiku. Akiba ya mmoja imekuwa deni la mwingine, na deni hilo halikuandikwa katika karatasi ya kodi.

Wapo wasemao: ni mali yangu, nijenge nipendavyo. Kauli hii ina ukweli wa nusu. Kiwanja ni chake, lakini upepo si wake. Akiinua ukuta mrefu unaouziba upepo wa ziwa, ameinyang'anya hewa ya jirani bila ya kuvuka mpaka. Maji nayo hayajui hati ya ardhi. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita mbili kufikia mwaka 1964, na mwezi wa Mei 2020 lilipanda tena likakipita kimo kile. Nyumba na mashamba ya ufukoni yaliingiliwa na maji, na watu wengi walihama. Ajazaye kifusi katika kinamasi ili apate kiwanja ameondoa sifongo lililokuwa likiyanywa maji, na maji yakikosa mahali pake huenda kwa mtu mwingine, mara nyingi aliye maskini kuliko yeye. Uhuru wa kujenga una mpaka, na mpaka huo ni madhara ya yule asiyeulizwa.

Wengine husema: maskini hana nafasi ya kuchagua, mambo haya ni ya matajiri. Neno hili halifai kupuuzwa, maana ni dhambi kumhubiria kujinyima mtu asiye na cha kujinyima. Mwenye taa moja hana umeme wa kuokoa. Wa kwanza kuulizwa awe yule mwenye ukuta wa vioo unaotazama magharibi, ambaye baada ya kulikaribisha jua ndani hununua kiyoyozi cha kulifukuza. Lakini pia tusimdharau maskini kwa kudhani kuwa hesabu njema si zake. Kuigeuza nyumba ielekee vizuri hakuongezi hata shilingi moja siku ya kupima msingi. Kupanda mti, kuliinua dirisha, kuacha njia ya hewa kati ya dari na bati, haya yanataka maarifa zaidi ya fedha. Anayemficha maskini maarifa hayo, au anayemuuzia ramani isiyomfaa, anamwongezea umaskini. Hata paneli za jua zina kanuni hiyo. Chini ya wingu huendelea kufanya kazi, lakini hutoa nguvu kidogo. Nyumba isiyohitaji kiyoyozi wala taa ya mchana hutosheka na paneli chache, na nyumba iliyojengwa vibaya haitosheki na paneli nyingi.

Wengine tena husema: kurudia udongo ni kurudi nyuma. Hawa wana historia ya kujitetea. Sheria ndogo za ujenzi zilizotolewa Kenya mwaka 1968 zilifuata sana mfano wa Uingereza, na nyumba ya udongo ikahesabiwa kuwa haistahili mjini, mpaka marekebisho ya mwaka 1995 yalipovifungulia mlango vifaa vya kienyeji. Watu waliofundishwa muda mrefu kuwa udongo ni aibu hawawezi kuupenda kwa siku moja. Wala si haki kuwalazimisha. Huko Misri, kuanzia mwaka 1945, msanifu Hassan Fathy alipanga kijiji cha Gourna Mpya kwa matofali mabichi, kikapendeza macho ya wataalamu wa dunia. Lakini wenyeji waliotakiwa kuhamia hawakutaka kuyaacha makao yao ya zamani, na kijiji hakikumalizika. Alikuwa na elimu ya udongo, ila walioamuru kuhama kwao hawakuipata ridhaa yao. Lakini umri wa kitu hauamui thamani yake. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, huko Migori, zilipangwa bila ya chokaa katika karne ya 16 zikasimama mpaka mwaka 2018 zilipoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Maendeleo ni kuwa na sababu nzuri ya kila tunachokishika na kila tunachokiacha. Aachaye dari ya mafunjo kwa kuwa amepata iliyo bora ameendelea. Aiachaye kwa kuwa jirani atamcheka amefuata woga.

Kutokana na hayo, wajibu wa mjenzi ni wa namna tatu. Kwanza, aulize mahali: jua, upepo, maji na udongo. Pili, amwulize mkaaji. Na kama mkaaji hajulikani bado, kama ilivyo kwa nyumba za kupangisha, ajiulize kama yeye mwenyewe na watoto wake wangekubali kulala humo mwezi wa Februari. Tatu, awakumbuke wasioweza kuulizwa: jirani wa chini ya mteremko, msitu wa mbali, na mtoto atakayezaliwa katika nyumba hiyo baada ya mjenzi kufa. Mtoto huyo hatalijua jina la fundi, lakini ataujua uzembe wake kila alasiri.

Vijana msomao maneno haya, baadhi yenu mtakuwa mafundi, wengine mtakuwa wenye nyumba za kupangisha, wengine madiwani wa kupitisha ramani, na karibu nyote mtakuwa wakaaji. Msingoje siku hiyo ndipo mjifunze. Pimeni joto la darasa lenu saa mbili ya asubuhi na saa nane ya mchana, kisha mpime chini ya mwembe ulio karibu. Andikeni upepo unakotoka kwa muda wa mwezi mmoja. Hesabuni maji yanayomwagika kutoka paa la shule. Ulizeni nyumbani ni nani aliyechagua dirisha lilipo, na kwa sababu gani. Maswali haya hayahitaji mtaji, nayo humfanya mtu aache kuipima nyumba kwa mlango wake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ajengaye ukuta bila ya kufikiri huwaachia wengine nyufa za kuziba. Wingu la alasiri litaendelea kuja kutoka ziwani kama lilivyokuja kwa babu zetu. Halitabadili njia yake kwa ajili ya ramani ya mtu. Inatupasa sisi tulisome, tujenge kwa adabu chini yake, na kila tuinuapo jiwe tumfikirie mtu atakayelala nyuma ya jiwe hilo.